Mizani Kabla ya Ajira: Je, Nikaandike Programu za Magari?



Kila sifa njema anastahiki Allah (S.W.), Mpaji wa elimu na riziki. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake, maswahaba zake na wote wanaofuata mwendo wao mpaka Siku ya Malipo.

Ndugu zangu katika imani, muhula huu swali moja limekuwa likirudi kila tunapokaa baada ya swala ya Ijumaa, hasa kwa wenzetu wa uhandisi wa umeme na kompyuta wanaokaribia kumaliza. Baadhi yao wanaitamani kazi ya kuandika programu zinazokaa ndani ya magari na pikipiki, zile zinazosimamia breki, injini, betri na mifuko ya hewa. Wanauliza: je, hii ni kazi ya kumjenga Muislamu, au ni dunia tu? Nikiongeza miaka miwili au mitatu ya kujifunza, sitakuwa nimepoteza umri? Wengine wanauliza kwa sauti ya chini zaidi: kuna ofisi ya michezo ya kubahatisha inayotafuta mwandishi wa programu, na inalipa mwezi huu huu, nisubiri cha halali kilicho mbali, au nichukue kilicho karibu?

Mimi ni mwanafunzi wa masomo ya Kiislamu. Si mhandisi, wala si mufti. Ya mashine nimeyauliza kwa wenye kuyajua, kwa sababu Qur'ani imetuamrisha tusipojua tuwaulize wenye ujuzi. Ya dini ninayaleta kama nilivyosoma, na penye hukumu nzito nitakuelekeza kwa masheikh. Tuliweke swali hili kwenye mizani pamoja.

Kazi yenyewe ni ipi?

Gari la leo si chuma na petroli tu. Ndani ya gari jipya mna makumi ya kompyuta ndogondogo, na katika mengine idadi yake hupita mia. Moja inasimamia injini, nyingine breki, nyingine usukani, nyingine mfuko wa hewa. Zinapashana habari kwa waya za pamoja, kwa utaratibu uitwao CAN ambao kampuni ya Bosch ya Ujerumani iliutangaza mwaka 1986. Programu zake nyingi huandikwa kwa lugha ya C, ile ile inayowaliza wanafunzi wa mwaka wa pili.

Tofauti yake na programu ya simu ni hii: ya simu ikikwama, unaizima na kuiwasha. Mfuko wa hewa hauna nafasi hiyo. Gari likigonga, programu inatakiwa itambue na iamue haraka kuliko kupepesa jicho. Ikichelewa imekosea, hata kama jibu lake lilikuwa sahihi. Ndiyo maana fani hii ina kanuni kali. Mwaka 1998 zilitoka kanuni za MISRA za kuandika C kwa usalama. Mwaka 2011 kikatoka kiwango cha kimataifa cha ISO 26262, kinachopanga hatari kwa madaraja manne, A mpaka D. Mhandisi anatakiwa ajiulize: kitu hiki kikiharibika, mtu ataumia kiasi gani? Hali hiyo hutokea mara ngapi? Je, dereva ataweza kuidhibiti?

Usidhani mambo haya yako mbali na sisi. Mwezi Juni 2018 Volkswagen ilifungua kiwanda cha kuunganisha magari hapa Kigali. Ampersand inaunganisha pikipiki za umeme hapa hapa mjini, na motari wake huingia kituoni, huacha betri iliyokwisha, huchukua iliyojaa na kuondoka. Kuanzia Januari 2025, pikipiki mpya inayosajiliwa kubeba abiria Kigali inatakiwa iwe ya umeme. Majirani zetu Uganda walitangulia: Chuo Kikuu cha Makerere kilionyesha gari lake la umeme, Kiira EV, mwaka 2011, na mwaka 2016 likafuata basi la Kayoola linalosaidiwa na jua. Kazi ile ya wanafunzi na walimu wao ndiyo iliyozaa Kiira Motors.

Kila betri ya pikipiki hizi ina programu inayoilinda. Inapima volti za seli, joto na mkondo wa umeme, na inakata umeme kabla betri haijaharibika au kushika moto. Ni hiyo hiyo inayomwambia motari amebakiwa na asilimia ngapi. Namba ile ndogo kwenye kioo ni ahadi. Ikimwambia ishirini ilhali ni tano, atazimikiwa katikati ya mlima, abiria nyuma na malori pembeni.

Lakini tusidanganyane. Nafasi za kazi hii kwetu zipo, ila bado ni chache. Kuunganisha gari ni jambo moja, kuandika akili yake ni jambo jingine, na sehemu kubwa ya akili hiyo bado inaandikwa Ujerumani, Japani, China na India. Anayeichagua njia hii huenda akasubiri, na huenda akasafiri. Hilo nalo liwekwe kwenye mizani.

Nabii aliyepima chuma

Wapo wanaodhani kazi ya chuma na hesabu iko upande mmoja, na uchamungu uko upande mwingine. Watu hawa wamemsahau Nabii Dawud (A.S.).

Katika Surat Saba, Allah anatueleza kwamba alimlainishia Dawud chuma, akamwamrisha atengeneze nguo za vita zilizo kamili na apime sawasawa katika kuunganisha pete zake. Papo hapo akaamrishwa kutenda mema, na kukumbushwa kwamba Allah anayaona yote yatendwayo. Tafakari, ndugu yangu: amri ya kupima kiungo cha chuma na amri ya kutenda mema zimewekwa katika aya moja. Mujahid, mwanafunzi wa Ibn Abbas, alieleza maana ya kipimo hicho: msumari usiwe mwembamba ukalegea ndani ya pete, wala usiwe mnene ukaipasua. Huu ni uhandisi, na umo ndani ya Kitabu tunachokisoma katika swala.

Kwa nini apime? Surat Al-Anbiyaa inajibu: ufundi ule alifundishwa ili uwakinge watu, kisha tunaulizwa kama tunashukuru. Pete moja iliyolegea katika nguo ile ilimaanisha mshale unapenya kifuani mwa mtu aliyemwamini fundi wake. Mstari mmoja uliolegea katika programu ya breki una maana hiyo hiyo kwa mama anayeshuka na watoto wake kutoka Nyamirambo jioni. Yeye hajui jina lako wala hataliona. Ameketi tu, amefunga mkanda, amekuamini.

Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kwamba hakuna chakula bora kuliko kile mtu alichokipata kwa kazi ya mikono yake, na akamtolea mfano Dawud huyu huyu. Tena ametufundisha kwamba kuondoa chenye kudhuru njiani ni tawi la imani. Anayeondoa jiwe barabarani ana malipo. Basi vipi anayehakikisha kwamba maelfu ya pikipiki hayatazimika ghafla kwenye barabara hiyo hiyo? Nia ikiwa safi, saa zake mbele ya kompyuta zinahesabiwa.

Fardhi iliyoachwa

Imam Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 505 Hijria, yaani 1111, aliyaorodhesha katika Ihya Ulum al-Din mambo ambayo ni fardhi ya kifaya: utabibu, hesabu, na hata kilimo, ufumaji na ushonaji. Jamii ikikosa kabisa watu wa fani hizo, wote wanaingia katika dhambi. Kisha akalalamika kwamba kuna miji isiyo na tabibu Muislamu hata mmoja, huku wanafunzi wakisongamana kwenye fiqhi, na hasa kwenye mabishano ya madhehebu. Nayasema haya nikiwa mmoja wa waliosongamana upande huo, na sijutii kuusomea. Lakini Imam alikuwa anatuonya kwamba umma hauwezi kusimama kwa mguu mmoja.

Sisi wa Rwanda tuna sababu ya ziada ya kulisikia onyo hili. Msikiti wa Al-Fat'h pale Nyamirambo ulijengwa mwaka 1913. Zama za Wabelgiji shule zilikuwa mikononi mwa makanisa, na watoto wengi wa Kiislamu wakabaki nje. Babu zetu hawakukaa kulia. Waliingia biashara, ushonaji, udereva na ufundi wa magari. Kwa muda mrefu Muislamu alijulikana kwa usukani na kwa gereji. Gari lilikuwa mkate wetu.

Sasa gari limebadilika. Fundi aliyekuwa akisikiliza injini kwa sikio anahitaji kompyuta ili aisome. Na milango ya vyuo leo iko wazi: vijana wetu wako Chuo Kikuu cha Rwanda na kwingineko, na Carnegie Mellon ina kampasi yake hapa Kigali. Tukiacha mjukuu wa dereva abaki dereva tu wakati maarifa ya gari yamehamia kwenye programu, tutakuwa tumejifungia wenyewe mlango ambao wakoloni walitufungia. Na faida ya kuufungua si yetu peke yetu. Breki njema humlinda kila aliye barabarani.

Mizani mbili katika gari moja

Hata hivyo, uhalali wa fani hauhalalishi kila kinachofanyika ndani yake. Mfano mkubwa zaidi umetokea zama zetu.

Mwezi Septemba 2015, mamlaka ya mazingira ya Marekani iliituhumu Volkswagen kwa kuficha udanganyifu ndani ya programu ya injini za dizeli. Kampuni yenyewe ilikiri. Programu ile iliweza kutambua kwamba gari liko kwenye kipimo, kwa kuangalia mambo kama mwendo na usukani. Ikitambua hivyo, inasafisha moshi ipasavyo. Gari likirudi barabarani, inalegeza, na gesi za naitrojeni zinatoka mpaka mara 40 ya kiwango kilichoruhusiwa. Magari yaliyohusika duniani yalikuwa kama milioni 11. Mwezi Agosti 2017 mhandisi mmoja wa kampuni hiyo alihukumiwa Marekani kifungo cha miezi 40 na faini ya dola 200,000. Alikuwa mtaalamu mwenye miaka mingi kazini.

Sasa ifungue Surat Al-Mutaffifin. Allah ameanza kwa kuwatishia maangamizi wapunjao, ambao wakipimiwa wao hutaka kitimie, na wakiwapimia wengine hupunguza. Tumezoea kuisoma sura hii tukifikiria muuza mchele na kilo yake. Lakini gari lile lilikuwa na mizani mbili: moja ya mkaguzi, nyingine ya mtoto mwenye pumu anayekaa kando ya barabara. Mpunjaji wa leo anaweza kuwa amevaa suti na ana shahada, na kilo yake ya uongo imeandikwa kwa C.

Wala usiseme hayo ni ya Wazungu. Nani kati yetu hajasikia gari la mtumba ambalo kilomita zake zilirudishwa nyuma ili mnunuzi alione jipya? Mara ngapi tumesikia watu wamekamatwa kwa kuchezea kidhibiti mwendo cha basi la abiria, ili lipite kituo cha ukaguzi kisha lirudi kukimbia? Anayefanya hivyo ni kijana mwenye ujuzi kama wako. Mtume (S.A.W.) aliingiza mkono katika rundo la nafaka sokoni akakuta umande chini, akamwambia mwenye nayo kwamba atughushie si katika sisi. Na ukijitetea kwamba umeamrishwa na bosi, jibu limekwisha tolewa: hakuna kumtii kiumbe katika kumuasi Muumba.

Na pengine mtihani wako hautakuwa mkubwa hivyo. Utakuwa mdogo na wa kila siku: umegundua kasoro jioni, kesho ni siku ya kukabidhi, na hakuna mwingine aliyeiona. Hapo mkumbuke Imam Abu Hanifa, ambaye alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa. Alimpa mshirika wake bidhaa, akamuonyesha nguo yenye kasoro na kumwambia ambainishie mnunuzi. Mshirika akasahau, akaiuza, na mnunuzi hakujulikana tena. Imam akaitoa sadaka thamani ya bidhaa yote. Hakusema kwamba kasoro ilikuwa ndogo. Na ile ilikuwa nguo. Betri inawaka moto.

Swichi ya mbali na mwenye deni

Kuna jambo jingine ambalo wenzetu hawalifikirii mpaka wakabidhiwe. Pikipiki nyingi katika Afrika Mashariki hununuliwa kwa mkopo, na baadhi ya wakopeshaji huweka kifaa cha kuizima kutoka mbali anayedaiwa akichelewa kulipa. Kifaa kile kina programu. Siku moja unaweza kuambiwa uiandike.

Hapa pana maswali mawili. La kwanza ni mkopo wenyewe. Ukiwa wa riba, kumbuka kwamba Mtume (S.A.W.) hakumlaani mlaji wa riba peke yake, bali pamoja naye mlipaji, mwandishi na mashahidi wawili. Je, anayeandika programu ya kukokotoa riba ni mwandishi? Wanazuoni wanatofautisha kusaidia dhambi moja kwa moja na kusaidia kwa mbali. Anayeandika programu ya injini hayuko sawa na anayeandika hesabu ya riba. Lakini usijitolee fatwa mwenyewe. Mpelekee sheikh mkataba wenyewe ausome.

Swali la pili linabaki hata kama mkopo ni wa halali. Surat Al-Baqarah inaamrisha mdaiwa aliye katika dhiki apewe muda mpaka apate wepesi. Motari ambaye mtoto wake amelazwa, ukimzimia pikipiki umemnyima chombo pekee cha kulipia deni. Mkopeshaji ana haki yake, na anayechelewesha huku anao uwezo ni dhalimu. Lakini wewe mwenye kuandika una sauti pale mezani. Pendekeza siku za kusubiri. Pendekeza onyo kabla ya kuzima. Na isikubalike kabisa programu inayoweza kuzima chombo kikiwa mwendoni, kwa sababu hakuna kudhuru wala kulipiza madhara katika dini yetu.

Basi uamue vipi?

Kwanza, ondoa kwenye meza kilichokatazwa. Ofisi ya kamari haishindani na kazi hii. Imekwisha kuondolewa na Surat Al-Maida. Mshahara wake wa haraka usiitwe riziki iliyofungua mlango. Kama una shida ya kweli, ada imekukaba au wazazi wanakutegemea, lete shida hiyo kwa ndugu zako katika jumuiya kabla hujaipeleka kule. Na sisi jumuiya tuna wajibu hapa: hatuwezi kumwambia mtu aache haramu kisha tukamwacha na njaa. Apatikane wa kumtafutia kazi ya muda, na wa kumkopesha bila riba.

Pili, jipime uwezo. Mtume (S.A.W.) amesema kwamba anayetibu watu ilhali hajulikani kwa utabibu, atabeba dhamana ya madhara yake. Mafakihi wetu wamelipanua hilo kwa mafundi wengine. Programu ya breki haijifunzwi juu ya migongo ya abiria. Basi anza sasa: imudu C, nunua kibodi kidogo cha majaribio, endesha mota, pima joto, tafuta kosa mpaka ulipate. Wakati wa likizo nenda Gatsata ukakae na mafundi. Mikono yao inajua mambo ambayo hayamo katika slaidi za mwalimu. Ukiona baada ya miezi kadhaa kwamba huna subira ya kutafuta kosa moja kwa siku tatu, kubali. Zipo kazi nyingine za halali.

Tatu, mpime mwajiri. Uliza kabla ya kusaini: nikikuta kasoro ya usalama, nani ana mamlaka ya kusimamisha kazi? Bidhaa hii inamfikia nani, na kwa mkataba gani? Nitapata dakika za kuswali Adhuhuri na Alasiri, na saa ya Ijumaa? Uliza kwa adabu, mapema. Na ukisafiri kwenda Ulaya au Asia, tafuta msikiti na watu wa kheri kabla hujatafuta chumba, na uweke nia ya kurudi na kitu mkononi.

Nne, shauriana, kisha uswali istikhara. Jabir (R.A.) amesimulia kwamba Mtume (S.A.W.) aliwafundisha maswahaba istikhara katika mambo yote, kama alivyowafundisha sura ya Qur'ani. Katika mambo yote, na ajira ni mojawapo. Wengi wetu tunaswali kisha tunalala tukisubiri ndoto. Istikhara haikuambatanishwa na ndoto. Ni rakaa mbili na dua: unamuomba Allah aliyejua mwisho wa jambo akufanyie wepesi likiwa na kheri na dini yako, maisha yako na mwisho wako, na likiwa na shari akuepushe nalo, kisha akuridhishe. Ukimaliza unachukua hatua. Unaandika barua ya maombi. Mlango ukifunguka ingia kwa bismillah. Ukifungwa, usivunje kufuli.

Ndugu yangu, dada yangu, Siku ya Kiyama tutaulizwa kuhusu umri tulivyoumaliza, elimu tulivyoitendea kazi, na mali tulikoichuma na tulikoitumia. Kazi hii inayagusa yote matatu. Ukiiingia kwa ujuzi na kumuogopa Allah, umefuata ufundi wa Dawud. Ukiiingia kwa tamaa, utapima pete vibaya na hutakuwepo wakati mshale unapopenya.

Ewe Mola wetu, tujaalie riziki ya halali yenye kututosha, na elimu yenye kunufaisha. Walinde wanaosafiri katika barabara zetu. Wape wenzetu wanaohitimu mwaka huu kazi ambazo hawatazionea haya mbele Yako. Waongoze wanaosita, na wape wepesi waliobanwa na dhiki. Warehemu babu zetu waliotutangulia kwa jasho lao. Aamin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.